Laza Matawi: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Miwaridi ya Kutambaa

Maswali ya mwezi huu karibu nusu ni swali moja lililobadilisha nguo: mwaridi umepaa, maua hakuna. Nililijibu kabla ya masika. Nalijibu tena leo, kwa urefu, na atakayeniuliza kabla ya vuli atapata maneno mawili tu, yale yaliyo kwenye kichwa cha habari.

Shikamoo mama. Niko Sakina, Arusha, kiwanja kidogo, ukuta na kinjia tu. Mwaridi wa kutambaa niliopanda mwaka juzi umefika juu ya bati. Majani tele, maua matatu, tena yako juu kabisa, anayeyafaidi ni jirani wa ghorofani. Niupige mbolea gani?

Marahaba. Usiupige yoyote. Mwaridi wako hauna njaa, umeshiba, na umesimama wima. Tawi likisimama, jicho la ncha ndilo linalotawala: linashusha kemikali inayoyazuia macho ya chini yasichipue. Ndiyo maana maua yako huko huko juu. Lilaze tawi lile lile, utawala unalegea, na kila jicho linatoa kijitawi chake chenye maua. Ukimwaga urea utaongeza urefu tu, na jirani atakushukuru.

Funga waya nne ukutani, wa kwanza usawa wa goti, zinazofuata kila baada ya sentimita 40 hivi. Ziache mbali na ukuta kwa upana wa vidole vitatu ili hewa ipite nyuma ya majani. Chagua matawi machanga, yale mapya yaliyo kijani chenye wekundu, maana yaliyokomaa hayakubali kuinama. Fanya kazi hiyo saa nane au tisa mchana, jua likishalilegeza tawi. Asubuhi limejaa maji na linakatika kama muwa. Mimi tawi la mita mbili nililivunja saa moja asubuhi kwa sababu ya haraka ya kwenda sokoni, na sauti yake naikumbuka mpaka leo. Inamisha kidogo, funga kwa kamba ya katani au kipande cha kanga kuukuu, kamwe si kwa waya. Wiki ijayo inamisha tena. Wiki ya tatu litakuwa limelala.

Tawi moja la ukuta wa jikoni kwangu, nene kama kidole gumba, nililimaliza kulilaza mwezi wa Septemba. Wiki tatu baadaye vichipukizi vilikuwa vimesimama mstari mmoja juu yake, vyekundu, laini, kama vidole vya mtoto mchanga. Nilivihesabu: kumi na saba. Kabla ya hapo tawi hilo lilikuwa na ua moja kwenye ncha.

Kijitawi kikimaliza kutoa maua, kikate ubakize macho mawili au matatu. Na kila mwaka toa shina moja kongwe kutoka chini kabisa, usilihurumie.

Hukuniuliza, lakini umesema umefika juu ya bati. Toka nje sasa hivi uangalie waya wa umeme unaoingia nyumbani. Kama tawi limeugusa, usipande ngazi na mkasi wa chuma. Waite wenye waya wao.

Je, mwaridi utapasua ukuta wangu? Naona nyufa. (Moshi)

Hapana. Mwaridi haugandi ukutani wala hauchimbi, unaegemea tu. Nyufa muulize aliyekujengea msingi.

Kwenye sendofu ya mdogo wangu nilipata shada zuri la waridi jekundu. Nikichomeka vijiti vyake vitaota? Nataka vitambae kwenye geti.

Kuota vinaweza. Chukua kipande chenye unene wa penseli, urefu wa shubiri, ukate chini kidogo ya jicho. Toa ua, toa majani yote isipokuwa mawili ya juu, zika theluthi mbili kwenye mchanga na mboji, kivulini. Subiri wiki sita hadi nane na usikichomoe kila Jumapili kuangalia mizizi.

Kupanda geti, sahau. Waridi la shada ni kichaka chenye mashina yaliyonyooka. Kiliumbwa hivyo ili kikatwe. Na harufu pia sahau. Mashamba ya Naivasha na yale ya huku kwetu Usa River yanauza urefu wa shina na siku ambazo ua litadumu kwenye chombo baada ya kupanda ndege kwenda Ulaya. Wazalishaji wa mbegu wamechagua hayo miaka na miaka, na harufu, isiyopimwa kwa rula, ikaachwa njiani. Sasa tuna kizazi kizima kinachopeleka pua kwenye waridi kwa mazoea, na kikikutana na lenye harufu kinauliza limepuliziwa nini.

Mawili ya nyongeza. Petali za shada usizitie kwenye chai, wala usijipake usoni: ua hilo lilikuzwa kwa ajili ya macho, na dawa zilizopigwa hazikumfikiria mtu wa kulila. Na usianze biashara ya miche kutokana na vijiti hivyo, kwa kuwa aina nyingi za mashambani zina wenye haki zao.

Namwagilia kila jioni kwa mpira, majani yana madoa meusi, yanageuka njano na kudondoka. Tatizo nini?

Umelisema mwenyewe kwenye maneno matano ya kwanza. Madoa meusi ni ukungu, na ukungu huo unahitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa. Wewe unalilowesha jioni, likae mvua usiku kucha, kila siku. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, mara mbili kwa wiki, lakini maji ya kutosha kuzama. Okota majani yaliyoanguka uyachome; usiyatie kwenye mboji. Na picha uliyonitumia, ya saa moja usiku bila taa, ingeweza kuwa ya mnazi.

Niliuziwa mche "wenye harufu kali". Umetoa maua, lakini nikikaa kibarazani sisikii kitu mpaka nichomeke pua ndani ya ua. Nimetapeliwa? (South B, Nairobi)

Huenda hukutapeliwa. Kuna harufu unayoifuata, na kuna harufu inayokufuata. Waridi kubwa lenye petali nyingi huhifadhi yake kwenye petali. Lazima uinamishe kichwa kama unayesalimia mkwe. Miwaridi ya kutambaa yenye maua madogo ya vishada, ile ya ukoo wa maski na multiflora, hutoa nyingi kutoka kwenye stameni, vile vijiti vyenye chavua katikati ya ua, na hiyo inasafiri na hewa. Mwenye kiwanja kidogo anatakiwa kuitaka hii ya pili, na muuza miche akikuambia "kali" umuulize inatoka wapi. Hatajua, lakini muulize.

Kisha angalia upepo. Ukipanda upande ambao upepo unaelekea, unamfukizia jirani. Panda unakotokea.

Kama utabahatika kupata 'New Dawn' ya kweli, ichukue bila kujadili bei sana. Ni ya Marekani, ya mwaka 1930. Ilijitokeza yenyewe kama tawi geni kwenye mwaridi wa kutambaa uliokuwa ukitoa maua mara moja tu kwa mwaka, yenyewe ikawa inarudia. Mwaka 1931 ikapewa hataza namba moja ya mimea ya nchi hiyo, ambayo imekwisha zamani. Pinki ya kupauka, harufu ya wastani, nguvu nyingi. Itahitaji kulazwa. Mnajua.

Binamu yangu wa Muscat aliniletea tawi la waridi la Jabal Akhdar, lile la marashi. Limeota vizuri hapa Fuoni, Unguja, na huu ni mwaka wa tatu, halijatoa hata tumba moja. Nibadilishe udongo?

Usihangaike na udongo. Kinachokosekana ni baridi. Vijiji vya Jabal Akhdar viko juu sana mlimani, karibu mita 2,000, na majira ya baridi huko ni baridi kweli. Mwaridi ule hulala, kisha huamka na kutoa maua yake yote kwa mkupuo mmoja wa wiki chache, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, watu wakayachuma alfajiri na kuyachemsha kupata marashi. Fuoni haulali, kwa hiyo hauna cha kuamkia. Utakupa majani na miiba mpaka uzeeke nao.

Na binamu mwambie asirudie. Tawi lililofichwa kwenye sanduku chini ya kanzu, bila cheti cha afya ya mimea, linaweza kuja na wadudu na magonjwa ambayo shamba la mwenzako litayalipia. Akuletee marashi yenyewe, ujaze mrashi wako.

Kwenye ukuta huo panda asumini. Najua unaona ni kitu cha kawaida, kila bibi anao. Kila bibi ana sababu. Asumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila unapoikata unajiongezea. Tumba zinafunguka jioni wakati watu wamerudi nyumbani. Na wanawake wa Unguja hawajawahi kuhitaji ruhusa ya mlima wowote kufunga kikuba, kile kishada chao cha maua yanayonukia. Haina mikono ya kushikia, inajitupa tu, hivyo ifunge kwenye waya kama nilivyoeleza kwa mtu wa Sakina. Jua la nusu siku au zaidi. Iweke upande wa kusini wa kibaraza ikiwa unakaa nje zaidi wakati wa kusi, upande wa kaskazini ikiwa ni wakati wa kaskazi. Ukiwa na nafasi ya miche miwili, umemaliza swali.

Niko Reading, Uingereza, nyuma ya nyumba nina mita nne kwa tano. Nimenunua mwaridi wa kutambaa uitwao 'Kiftsgate' kwa sababu picha ilikuwa nzuri. Niupande kona gani?

Kona ya bustani ya mtu mwingine. Ndugu yangu, mama wa mwaridi huo yuko hapo hapo Uingereza, kwenye bustani ya Kiftsgate Court, Gloucestershire, ulipandwa mwaka 1938 na umeshapanda hadi juu ya miti. Huo mmoja hupita mita 10 bila kuombwa. Wewe una mita nne.

Rudisha, au mpe mwenye mti mkubwa anaoutaka ufunikwe. Kisha tafuta 'Ghislaine de Féligonde', ya mwaka 1916: mita mbili na nusu hadi tatu, miiba michache, vishada vya rangi ya embe bivu vinavyopauka kadiri siku zinavyokwenda, na unarudia kutoa maua. Upande sentimita 45 kutoka ukutani, maana chini kabisa ya ukuta mvua haifiki hata huko kwenu kwenye mvua zote hizo.

Watu hununua picha. Lebo inaandika urefu, tena kwa tarakimu, nao wanaisoma wakishafika nyumbani.

Ndoo ya lita 20 inatosha mwaridi wa kutambaa? Niko Kimara, Dar.

Inatosha mchicha. Mwaridi unataka walau nusu pipa, na kwa joto na unyevu wa Dar utashinda unapambana na ukungu. Soma jibu la Fuoni.

Ni kweli asumini huvuta nyoka?

Nyoka hufuata panya, na panya hufuata makombo. Fyeka majani chini ya kichaka, funga pipa la taka, usiku tembea na tochi. Ua halina kosa.

Kijana wa bustani alikata mwaridi wetu kwa panga hadi chini. Umechipua kwa nguvu ajabu, matawi marefu, lakini ile harufu ya zamani imepotea na maua hayaji. Jirani anasema nihesabu majani, yakiwa saba ni mwitu. (Njiro)

Acha kuhesabu. Ipo miwaridi halali ya kutambaa yenye vijani saba, hata tisa, na kuna watu wameing'oa kwa ushauri huo huo. Fukua udongo taratibu uone tawi linatokea wapi. Miche mingi ya kununua imebebeshwa: juu ni waridi ulilolipia, chini ni shina lenye mizizi imara, kama lile la Natal Briar wanalolitumia sana Kenya. Machipukizi yakitoka juu ya kovu la kubebesha, subira tu. Yakitoka chini ya kovu, unalea mtoto wa mizizi, na yule uliyemnunua ameshakufa.

Kama bado kuna hata chipukizi moja juu ya kovu, ng'oa ya chini yote kwa mkono, kwa kuyanyofoa kuelekea chini, usiyakate, ukikata yanarudi matatu. Kama hakuna, nunua mche mpya. Na panga lirudishwe kwenye migomba. Mkasi wa kupogolea si anasa, na huyo kijana hana kosa ikiwa hajawahi kupewa.

Mwaridi wangu umevuka ukuta, sasa maua yote yananing'inia kwa jirani. Kisheria ni ya nani?

Sheria muulize wakili. Kwa upande wa mimea, matawi yamefuata jua, na jua liko kwake. Bisha hodi, omba uingie saa tisa mchana na kamba ya katani, muyarudishe pamoja juu ya ukuta na kuyalaza. Maua ya mwaka huu mwachie, na mkasi umpelekee.