Mwanangu, kuhusu hicho cheo

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza. Unauliza ukikubali ukuu wa kitivo, huo udaktari wa macho ndo utakuwa umeutupa? Ukanitumia na habari za M. Roy Wilson, yule daktari wa macho wa Marekani, eti mbona yeye aliweza.

Nimemsoma. Kazaliwa Yokohama, mama Mjapani, baba mwanajeshi wa Kimarekani, udaktari kasomea Harvard, presha ya macho kaichunguza mpaka kisiwa cha Saint Lucia, halafu akaongoza vyuo, Wayne State ya Detroit akaishika 2013 mpaka 2023. Sawa. Ila mi kilichonishika ni madeni. 2018 chuo chake kiliwaambia waliokatisha masomo huku wanadaiwa, rudini, tunawafutia mpaka dola 1,500, kila muhula ukimaliza theluthi inaondoka. Hapo nikaweka simu chini, nikamkumbuka ba'mdogo wako.

Unajua nusu tu ya ile habari. Mitihani alimaliza, matokeo yakazuiwa kwa ajili ya ada, kila akienda dirishani karani anamwambia kalipe kwanza, akalipe na nini wakati kazi yenyewe inataka cheti? Na hakusema! Asubuhi anatoka na shati limepigwa pasi, sisi tunajua yuko chuo anafuatilia, kumbe anashinda stendi. Mpaka leo ukimtajia chuo anabadilisha stori. Chuo chenyewe sikitaji, nitapandisha presha bure.

Nyie mnanichekaga nikisema, lakini nimefanya unesi kliniki ya macho na nitarudia: presha ya macho mara nyingi haiumi. Mtu anakuja jicho moja limeshakwenda, na lililokwenda halirudi. Deni la mwanafunzi nalo ndo hivyo, anapotea kimyakimya, hakuna aliyempima.

Haya, na ukienda ofisini hao wa kliniki watapimwa na nani? Kweli kabisa, madaktari wa macho kwetu wachache na wengi wako mijini. Halafu hata huyo Wilson, wazo la madeni lilitoka kwa watu wake wa udahili, na wanaomaliza digrii ndani ya miaka sita walikuwa asilimia 26 mwaka 2011, yeye hajafika, wakaja kufika 47 yeye akiwepo, sasa utajuaje ipi yake ipi ya wenzake? Lakini si kuna mkubwa aliyelikubali hilo wazo? Yule karani wa ba'mdogo hata angemwonea huruma asingeweza kitu, mwenye kuweza alikuwa ghorofani huko, hana habari.

Sikuambii ukubali. Ulimi unaniwasha lakini sisemi, maana likiharibika utasema mama ndo alinituma. Ila kabla hujasaini waulize wanafunzi wangapi wamezuiliwa matokeo kwa ada, usikie watakavyojibu. Na mumeo anasemaje? Mbona hujamtaja, au naye anangoja nianze mimi?