Stoo Ilikuwa Kichwani mwa Fundi: Nilichojifunza kwa Timu ya Williams

Jumapili moja usiku, Februari 2019, nilikuwa nimechuchumaa kwenye stoo ya gereji yangu, simu nimeibana mdomoni iwe tochi, nahesabu pedi za breki. Seti 11 za Corolla 110. Zote mpya, hata nailoni hazijachanwa. Ijumaa yake nilikuwa nimemtuma kijana kwa bodaboda mpaka Kariakoo akanunue seti moja ya pedi hizo hizo, kwa sababu mteja alikuwa amesimama mlangoni na hakuna aliyejua kama tunazo.

Aliyekuwa akijua ni fundi wangu mkuu, na fundi mkuu alikuwa ameacha kazi wiki tatu nyuma.

Kesho yake, Jumatatu, timu za Formula 1 zilianza majaribio ya msimu kule Barcelona. Timu tisa zilitoa magari. Ya kumi, Williams, timu ninayoishabikia tangu mwaka 2003, haikuwa na gari la kutoa. Lilikuwa halijaisha kutengenezwa. Liliingia barabarani Jumatano, wenzao wameshazunguka siku mbili nzima. Nilicheka kwa uchungu. Nikajiona mimi mwenyewe pale.

Najua wengi wa kwetu, ukitaja mbio za magari, akili inakwenda Safari Rally, vumbi na Subaru. Langalanga, hii Formula 1, tunaiacha kwa wenye ving'amuzi. Lakini kama unafungua gereji, au biashara yoyote yenye mafundi na vitu vya kuhesabu, nisikilize kuhusu hawa Williams. Sijawahi kusoma biashara chuoni. Ninachokijua nimekipata kwa kupoteza hela na kwa kuitazama timu hii ikishuka ngazi moja moja.

Frank Williams alianza hana kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 simu ya ofisini kwake ilikatwa kwa deni, akawa anafanya biashara kutoka kibanda cha simu cha barabarani. Mwaka 1976 timu yake ilichukuliwa na mfanyabiashara Walter Wolf, na Frank akajikuta anatumwa pale pale alipokuwa bosi. Akaondoka. Mwaka 1977 akamchukua injinia Patrick Head, wakaingia kwenye ghala la zamani la mazulia kule Didcot, Uingereza, wakaanza upya. Julai 1979 Clay Regazzoni akawapa ushindi wa kwanza, Silverstone, nyumbani kwao kabisa. Wadhamini wao walikuwa Wasaudi, likiwemo shirika la ndege la Saudia, na pale jukwaani Regazzoni hakugusa shampeni kwa heshima yao. Mwaka uliofuata Alan Jones akawa bingwa wa dunia.

Machi 1986 Frank alipata ajali Ufaransa akiwa na gari la kukodi, akiwahi ndege baada ya majaribio. Uti wa mgongo uliumia, hakutembea tena. Timu ilichukua ubingwa wa watengenezaji, yaani ule wa timu na si wa dereva, mwaka huo huo, ikachukua tena uliofuata. Watu wa namna hiyo hawaangushwi na shida, na ndiyo maana nasema tuangalie kilichowaangusha.

Miaka ya 1990 walikuwa hawashikiki. Gari la 1992 lilikuwa na mfumo wa kompyuta uliokuwa ukilipandisha na kulishusha lenyewe kwenye kona na mabonde, na Nigel Mansell alishinda mbio tano za kwanza mfululizo. Aliyelichora umbo lake ni Adrian Newey. Lakini Frank alikuwa na tabia moja: kwake dereva ni mwajiriwa tu, bingwa asiye bingwa. Mansell alichukua ubingwa akaondoka. Alain Prost akauchukua 1993 akaondoka. Miaka ile bingwa ndiye aliyebeba namba 1 kwenye gari, na kwa kuwa bingwa hayupo, gari la Damon Hill likaandikwa namba 0, misimu miwili. Nilipoona picha zake mara ya kwanza nilidhani rangi imebanduka.

Mwaka 1994 Ayrton Senna alifia kwenye gari la Williams kule Imola. Hilo nalipita, limeshasemwa sana na wanaojua kuliko mimi.

Sasa njoo 1996. Hapa ndipo ninapotaka ukae.

Hill anaongoza mbio za ubingwa, na katikati ya msimu anaambiwa mwakani hana kazi. Newey mkataba wake ulisema ashirikishwe kwenye maamuzi makubwa, na katika hili hakushirikishwa. Akaona imetosha, akahamia McLaren. Na unajua 1997 ikawaje? Williams wakachukua ubingwa wote, wa dereva kwa Jacques Villeneuve na wa watengenezaji, kwa gari ambalo mkono wa Newey bado ulikuwemo. Ukiwa bosi pale, unajiambia nini? Unajiambia, kumbe tunaweza bila yeye.

Mwaka 1998 Newey akawa bingwa na McLaren. Williams hawakushinda hata mbio moja. Ni kweli Renault nao walikuwa wameondoka na injini zao, sitaki kumtwisha mtu mmoja mzigo wote. Lakini mpaka leo Williams hawajachukua ubingwa mwingine. Wana 9 wa watengenezaji na 7 wa madereva, na wa mwisho kwa yote mawili ni ule wa 1997.

Fundi wangu hakuwa Newey, ila kwangu alikuwa Newey. Akisikia gari linaingia getini anakwambia beringi ya gurudumu gani inalia. Mwaka 2018 ulikuwa mwaka wetu mzuri kuliko yote, magari yanalala nje kwa kukosa nafasi. Akaniomba tuweke utaratibu, apate asilimia kidogo kwenye kazi za injini. Nikamwambia, "Tutaongea." Akarudi tena. "Kaka, lile jambo." Nikamwambia tutaongea. Mara ya tatu nikiwa napokea simu ya mteja, nikamwonyesha kwa mkono kwamba tutaongea. Halafu nikachukua kazi ya Coaster nne za mtu mmoja bila kumuuliza kama tunaziweza kwa muda niliouahidi. Januari akakunja ovaroli lake, akaliweka juu ya kiti changu, akaondoka kwa salamu nzuri tu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wiki mbili za kwanza mapato yalipanda. Nakuambia ukweli wa Mungu, yalipanda! Kazi alizozianza yeye zilikuwa zinamalizika, wateja wanalipa, na mshahara wake haumo kwenye hesabu. Nilimwambia mke wangu mezani kwamba huenda tulikuwa tunamlipa mtu bure. Wiki ya tatu ndiyo ile ya pedi 11. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: mtu wako muhimu akiondoka, usipime kwa mwezi ule. Mwezi ule bado unakula jasho lake. Pima baada ya miezi sita. Vizuri zaidi, usifike huko. Akikuuliza jambo mara ya pili, kaeni chini siku hiyo hiyo hata kama jibu ni hapana, maana hapana inajadilika.

Turudi kwa Williams. Walipata injini za BMW kuanzia 2000, na 2003 Juan Pablo Montoya na Ralf Schumacher walishinda mbio mbili kila mmoja. Ndipo nilipowapenda, kwenye televisheni ya mjomba, kwa kelele za ile injini. BMW walitaka kuinunua timu, Frank akakataa, wakaenda kuichukua timu nyingine, Sauber. Wengi wanamlaumu. Mimi simlaumu, timu aliyoijenga kwa simu ya barabarani usimwambie auze. Ila aliyekataa hela ya mwenzake inabidi awe na mpango wa hela yake, na mpango huo sikuuona.

Mei 2012 Pastor Maldonado akashinda Barcelona, ghafla kama mvua ya Agosti. Wakiwa bado wanashangilia, banda lao likashika moto. (Wenye gereji, petroli iliyofunguliwa na watu wenye furaha havikai pamoja. Nimeshasema.) Mpaka leo huo ndio ushindi wao wa mwisho, na ni wa 114.

Mwaka 2014 kanuni za injini zilibadilika. Williams walikuwa wamehamia kwa Mercedes, na injini ya Mercedes ilikuwa inawaacha wote. Wakamaliza wa tatu. Kijiweni nikawatangazia watu kwamba Williams imerudi. Kumbe injini ndiyo iliyorudi. Wengine walipowafikia Mercedes kwa nguvu, gari lenyewe likabaki uchi: 2018 pointi 7, 2019 pointi 1, 2020 sifuri. Agosti 2020 familia ikaiuza timu kwa kampuni ya uwekezaji ya Marekani, Dorilton Capital, na Claire, binti yake Frank aliyekuwa akiiendesha, akaaga baada ya mbio za Monza. Frank mwenyewe alifariki Novemba 2021.

Mwaka 2023 akaja bosi mpya, James Vowles, kutoka Mercedes. Na mwaka uliofuata likatoka jambo lililonifanya nisimame kwenye kiti. Vowles alieleza kwamba orodha ya vitu vya kutengenezea gari, vitu kama 20,000, ilikuwa kwenye faili la Excel. Moja. Huoni kifaa kinagharimu kiasi gani, kinachukua muda gani kutengenezwa, vipo vingapi, kimefika wapi. Timu yenye ubingwa 9! Watu walikuwa wanatembea kiwandani kutafuta vitu kwa miguu. Ule mwaka wa Barcelona, gari lilipochelewa, kila mtu alitafuta wa kumlaumu, na mimi pia nilikuwa na jina langu. Sasa nikaelewa kwamba stoo yao ilikuwa kama yangu.

Na dawa nayo inauma. Vowles aliamua kubadilisha utaratibu wote, gari la 2024 likachelewa tena, wakaenda Melbourne mwezi Machi bila chasisi ya akiba. Alex Albon akagonga ukuta Ijumaa, chasisi ikaharibika. Wakamnyang'anya mwenzake, Logan Sargeant, gari lake zima lisilo na kosa, wakampa Albon. Akamaliza wa 11. Pointi zinaishia wa 10.

Ukitaka kupanga stoo, basi, usiipange wiki yenye kazi. Sisi tulifanya Januari, watu wakiwa wameishiwa kwa ada za shule. Binti yangu aliandika, mimi nikitaja. Siku ya kwanza tuligombana mpaka akatoka nje, kwa sababu kitu kimoja kilikuwa na majina matatu: jina la kwenye boksi, jina la muuzaji, na jina la vijana. Tulikubaliana daftari lifuate jina la vijana, kwa kuwa ndio watakaokitafuta mikono ikiwa na grisi. Kisha tukaandika cha gari gani, vipo vingapi, rafu ipi, tulinunua kwa bei gani, na kikiisha kinapatikana baada ya siku ngapi. Hiyo ya mwisho usiiache. Kichujio cha mafuta unakipata dakika 20, lakini kuna gia boksi moja niliisubiri siku 26 gari la watu likiwa juu ya mawe.

Sina ugomvi na Excel. Kwa gereji ya vijana watatu inatosha na kubaki, binti yangu anaitumia kwenye simu. Ila karatasi ilitangulia, na anayetoa kitu anasaini mwenyewe, hata mimi. Hasa mimi.

Fundi mkuu niliye naye sasa anapata asilimia 10 ya faida ya kila injini, na kazi ya zaidi ya siku mbili hatuipokei kabla hajaiona. Kuna kazi nimezikosa kwa hilo. Coaster nne sijapata tena.

Williams walimaliza 2025 wakiwa wa tano, na Carlos Sainz aliwapandisha jukwaani kule Baku, akashika nafasi ya tatu. Yule fundi wangu wa zamani alinipigia jioni ile, siku hizi ana gereji yake. Tukaongea mbio dakika kumi, halafu akauliza, "Kaka, zile pedi za Corolla 110 bado zipo?" Nikamwambia zipo seti 6, rafu ya pili kushoto. Alichukua mbili. Kama unayo Corolla 110, zimebaki nne.