Je, nimkatalie mjomba nikasomee usingizi?

SWALI: Dokta, shikamoo. Mimi ni daktari mtarajali hapa Tabora, nimebakiza miezi michache. Mjomba aliyenisomesha anataka nichukue ubingwa wa magonjwa ya akina mama na uzazi, kwa kuwa dada yangu alifariki akijifungua kijijini kwetu Urambo, na kwa kuwa bingwa wa uzazi, asemavyo, hakosi kipato. Mimi, kila nikipangwa chumba cha upasuaji, moyo wangu uko kichwani pa mgonjwa, kwenye mashine ya usingizi; natamani niwe daktari wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa ili asisikie maumivu ya upasuaji. Nikikataa, nitaonekana nimemsahau dada. Nifanyeje?
Mtarajali, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba ambao naona bado haujapoa. Mjomba wako ametoa sababu mbili, nawe usizichanganye. Ya kipato ni halali, lakini haitoshi kumwamsha mtu saa tisa usiku kwa miaka 30. Ya dada ndiyo nzito.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua haokolewi na mikono ya mtu mmoja. Wakati mpasuaji anatafuta panapovuja, yupo anayeamua kama mama achomwe ganzi ya uti wa mgongo au alazwe usingizi kabisa, kwa sababu ganzi hiyo hushusha shinikizo la damu na inaweza kumuua aliyekwisha kupoteza damu nyingi. Huyo huyo hulinda njia ya hewa na kusimamia damu anayoongezewa. Katika hospitali nyingi za mikoani kwetu kazi hii huangukia wauguzi waliosomea usingizi, ambao huifanya kwa moyo, mara nyingi bila bingwa wa kumwuliza mambo yanapowazidi. Hata alama ya Apgar, ile ya kupima hali ya mtoto anapozaliwa, unayoiandika kwenye faili la kila mtoto mchanga, dakika ya 1 na ya 5, ilitungwa mwaka 1952 na Virginia Apgar, daktari wa usingizi huko New York. Deni la dada yako linalipika pia ukiwa upande ule wa meza.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni kingine. Mgonjwa unayemlaza usingizi anakuona dakika chache, kisha shukrani zote humwendea mpasuaji. Anayehitaji kukumbukwa huumia sana katika kazi hii. Basi, kabla hujaomba nafasi, kaa zamu kadhaa za usiku na wauguzi hao, zikiwamo zile ambazo hakuna kinachotokea ila kuhesabu mapigo na kutazama kifua kikipanda na kushuka, ujue kama uliupenda ubingwa wenyewe au utulivu wa chumba.

Ukirudi bado unautaka, mjomba usimpigie simu. Nenda Urambo, kaa naye, umweleze kazi hiyo humfanyia nini mama anayevuja damu, kwa maneno ambayo yeye aliyemzika dada yako atayaelewa. Mwambie pia kwamba Muhimbili shahada ya uzamili ya usingizi ni miaka 3, ili naye ajipange.