Nasoma Kurani, lakini gazeti la Kiurdu linanishinda: nianzie wapi?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Unguja na ninafanya kazi Muscat. Kurani nilihitimu utotoni, na Kiurdu ninakisikia kila siku kwa wafanyakazi wenzangu kutoka Pakistan, hata ninakizungumza kiasi cha kuelewana. Lakini nikilitazama gazeti lao ninaona herufi zimelala mshazari, nukta zimerundikana, na irabu hakuna. Je, nianze kwa maandishi yanayofanana na ya msahafu, ndipo nihamie huo mwandiko wa kulala? Na kwa nini wana herufi nne za sauti moja? Ninataka kusoma na pia kuandika, kwa mkono na kwenye simu.

Jibu: Kwa swali lako la kwanza, jibu ni hapana. Anza na mwandiko wa kulala tangu siku ya kwanza. Mwandiko huo unaitwa nastaliki, na katika Kiurdu si pambo la majalada ya vitabu vya mashairi, bali ndio mwandiko wa kawaida, kuanzia kitabu cha mtoto wa darasa la kwanza hadi kibao cha duka. Mwandiko wa msahafu uliouzoea, yaani naskhi, utaukuta pia katika Kiurdu, hasa kwenye simu na kompyuta ambazo hazina herufi za nastaliki, lakini huo tayari unaujua. Ukianza nao utapata raha ya haraka kwa kusoma kile ambacho jicho lako lilikwisha kukizoea, na siku utakapofungua gazeti utajikuta pale pale ulipo leo.

Ugumu unaouona una sababu inayoeleweka. Katika naskhi herufi hukaa juu ya mstari mmoja ulionyooka, na kila moja huweza kutambulika peke yake. Katika nastaliki, iliyokomaa Uajemi katika karne ya 14 na ya 15, kila fungu la herufi zilizoungana huanzia juu upande wa kulia na kuteremka kuelekea kushoto, na ni herufi ya mwisho inayotua mstarini. Kwa hiyo herufi moja inaweza kukaa juu au chini, ikawa ndefu au fupi, kulingana na jirani yake. Hali hiyo iliwashinda wachapaji kwa muda mrefu, kwa sababu herufi za risasi zinazopangwa moja moja haziwezi kuteremka namna hiyo bila kuharibika sura. Magazeti ya Kiurdu yakaendelea kuandikwa kwa mkono na makatibu, yaani mafundi wa mwandiko, ukurasa baada ya ukurasa, hadi mwaka 1981, pale Mirza Ahmad Jamil, mchapaji wa Pakistan, akishirikiana na Monotype, kampuni ya mitambo ya kupigia chapa, alipotoa herufi za kompyuta zinazoitwa Noori Nastaliq, na gazeti la Jang likaanza kuzitumia. Alifaulu kwa sababu hakuchora herufi moja moja. Alichora maelfu ya mafungu ya herufi zikiwa zimekwisha kuungana.

Ninakushauri ujifunze kwa njia hiyo hiyo: usikariri herufi, kariri miungano. Makatibu wenyewe hufundisha herufi zikiwa pekee, wanazoziita mufradat, kwa muda mfupi, kisha humweka mwanafunzi muda mrefu zaidi kwenye murakkabat, yaani herufi zilizounganishwa. Chukua ب na uiandike mbele ya kila umbo la herufi, moja baada ya nyingine: با، بج، بد، بر، بس، بص، بط، بع، بف، بک، بل، بم، بن، بو، بہ، بی، بے. Utaona kwamba jino la ب, yaani kincha kidogo kinachosimama badala ya herufi nzima inapoungana, mbele ya ا silo lile la mbele ya ج, wala silo la mbele ya ر au م. Ukishaijua ب katika hali hizo zote, umejua pia پ, ت, ٹ, ث, ن na ی zinapokuwa mwanzoni au katikati ya fungu, kwa maana zote hutumia jino lile lile na hutofautiana kwa nukta tu au kwa alama iliyo juu yake. Halafu fanya zoezi hilo hilo kwa ج, kwa س (ambayo katika nastaliki mara nyingi huandikwa kama mstari mrefu usio na meno), na kwa ک. Mazoezi haya yanachosha, lakini sijaona njia nyingine inayomfikisha mtu kwenye usomaji wa haraka.

Kuhusu nukta zinazorundikana, soma kwa mpangilio wanaoufuata waandishi wenyewe: mwandishi humaliza kwanza kiunzi cha fungu zima, ndipo arudi kuweka nukta kutoka kulia kwenda kushoto. Nukta inaweza kusogea kidogo kutafuta nafasi, lakini haiipiti nukta ya herufi inayofuata. Hesabu meno, kisha gawa nukta kwa zamu, na fungu litafunguka. Kumbuka pia kwamba pengo katika Kiurdu si alama ya kuaminika ya mwisho wa neno. Herufi ا, د, ڈ, ذ, ر, ڑ, ز, ژ na و haziungani na ile inayozifuata, kwa hiyo jina la lugha yenyewe, اردو, limeandikwa kwa vipande vinne, na kwa upande mwingine maneno mawili huweza kubanwa hadi yakaonekana kama moja.

Herufi ambazo hukuzikuta chuoni, yaani madrasani, ni chache, na nyingi utazipata mezani. پ imo katika پلاؤ (pilau), چ katika چائے (chai), ٹ katika چٹنی (chatini), ڈ katika لڈو (ladu), na ukienda barabarani utakuta گ na ڑ zote mbili ndani ya گاڑی (gari). Alama ndogo ya ط iliyo juu ya ٹ, ڈ na ڑ inakuambia kwamba ncha ya ulimi inakunjwa nyuma kuelekea kaakaa. ژ ni adimu, na unaweza kuiacha mpaka ukutane nayo. ں ni nuni isiyosikika kama nuni kamili, bali huipeleka irabu iliyotangulia puani, nayo hukaa mwisho wa neno, kama katika میں na ہاں.

Mahali ambapo wasomaji wa Kurani hujikwaa zaidi ni kwenye he, kwa sababu Kiurdu kinazo mbili mbali na ح. Ya kwanza, ہ, ni he ya kawaida, nayo ikiwa mwanzoni au katikati ya fungu hubeba kindoana kidogo chini yake. Ya pili, ھ, yenye macho mawili, haina sauti yake yenyewe: kazi yake ni kuipulizia pumzi konsonanti iliyotangulia. Kwa hiyo کہا husomwa *kahaa*, yaani «alisema», na کھا husomwa *khaa*, yaani «kula», ambapo *kh* hapa ni k yenye pumzi, si خ. Kama una rafiki wa Mombasa au Lamu, mwombe akutamkie kaa la moto na kaa wa baharini, au paa la nyumba na paa wa porini. Kimvita na Kiamu vimehifadhi tofauti hiyo ya pumzi ambayo Kiunguja kimeiacha, na sikio likishaikamata, jicho halitachanganya tena he hizo mbili.

Nakuomba uwe makini vilevile na herufi mbili ziitwazo ya, zinapokuwa mwisho wa neno. ی husomwa *ii*, na ے husomwa *ee* au *ai*. Katikati ya neno zinafanana kabisa, lakini mwishoni tofauti yake hubeba sarufi: کا, کی na کے ndizo zinazofanya kazi ya «wa», «ya», «la» na «cha» katika lugha yetu, zikibadilika kulingana na kinachomilikiwa, na zimo karibu katika kila sentensi ya gazeti. Mtu anayesoma کی na کے bila kuzitofautisha atakuwa anasoma Kiurdu kisicho na upatanisho wa kisarufi.

Sasa irabu. Zabar, zer na pesh za Kiurdu ndizo fataha, kasra na dhuma ulizozizoea, lakini hazionekani isipokuwa katika vitabu vya watoto, kamusi, na pale mwandishi anapoogopa kutoeleweka. Neno اس linaweza kuwa *is*, «huyu», au *us*, «yule». دور ni *duur*, «mbali», au *daur*, «zama». Na میں ni *main*, «mimi», au *men*, «ndani ya». Hakuna kanuni ya herufi itakayokuamulia. Kinachoamua ni sentensi, na hapo ndipo unapokuwa na faida kubwa kuliko mwanafunzi anayeanza bila kujua neno lolote, kwa sababu wewe Kiurdu unakisikia kila siku. Soma maneno ambayo sikio lako linayajua, na irabu zitajitokeza zenyewe. Usianze kwa orodha za msamiati mgeni. Anza na majina ya vyakula, ya vifaa vya kazini kwenu, ya miji wanayotoka wenzako, na ya siku za wiki.

Swali lako la herufi nne linahusu ز, ذ, ض na ظ, ambazo zote katika Kiurdu hutamkwa z. Vivyo hivyo س, ص na ث ni s, ت na ط ni t, na ح hutamkwa kama ہ. Sababu ni kwamba maneno yaliyotoka katika Kiarabu, mengi yao kwa kupitia Kiajemi, yalihifadhi tahajia yake ya asili huku matamshi yakifuata ulimi wa wazungumzaji. Kwa hiyo رمضان huandikwa vile vile ulivyojifunza chuoni, na husomwa *Ramzaan*. ع nayo mara nyingi huacha nyuma irabu tu: بعد husomwa *baad*, karibu sawa na «baada» yetu. Katika usomaji, weka kando makharija ya tajwidi, yaani mahali pa kutamkia kila herufi katika usomaji wa Kurani, kwani ukitamka ض kwa makharija yake wenzako watakuelewa kwa taabu. Katika uandishi, kinyume chake, elimu yako ya chuoni ni hazina. Mpakistani anayejifunza kuandika hulazimika kukariri kwamba sanduku ni صندوق kwa ص na ق, ilhali wewe صندوق, وقت, حساب, خبر na سفر umeyajua kwa Kiswahili na tahajia yake umeikuta au utaikisia kwa urahisi kutokana na Kiarabu.

Yapo mambo madogo utakayokutana nayo mapema. Nukta ya mwisho wa sentensi ni kistari kifupi, ۔. Tarakimu ۴, ۵, ۶ na ۷ zinatofautiana kidogo na zile za Kiarabu unazoziona kwenye vibao vya Muscat. Katika maneno kama خواب, «ndoto», و haisomwi, hivyo ni *khaab*. Na kasra ndogo inayounganisha maneno mawili, kama katika وزیرِ اعظم, «waziri mkuu», husomwa *e*: *waziir-e-aazam*. Mara nyingi kasra hiyo haiandikwi, na msomaji huitia mwenyewe.

Kwa kuandika kwa mkono, tafuta kalamu yenye ncha bapa iliyokatwa mshazari, hata ya wino wa kawaida, kwa sababu unene na wembamba wa mistari ya nastaliki hutokana na ncha hiyo. Kalamu ya risasi haitakuonyesha mahali mkono unapokosea. Watoto wa Pakistan na India ya kaskazini walijifunza kwa kalamu ya mwanzi juu ya takhti, ubao uliopakwa udongo mweupe na kuoshwa baada ya somo. Vipimo vyao vinafaa hadi leo: nukta moja iliyowekwa kwa upana wa kalamu ndiyo rula, na alifu ya nastaliki huwa na urefu wa nukta tatu. Mwandiko wako wa kila siku hautahitaji uzuri wa katibu, lakini miezi michache ya vipimo hivyo itaufanya usomeke.

Kwenye simu, ongeza kibodi ya Kiurdu na usitumie ya Kiarabu, hata kama herufi zinaonekana kuwa zile zile. Kwa kompyuta si zile zile: kafu ya Kiarabu ك ina namba U+0643 katika Yunikodi, yaani orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, na ya Kiurdu ک ina U+06A9, ya ni ي, U+064A, kwa Kiarabu, na ی, U+06CC, kwa Kiurdu, na he ni ه, U+0647, kwa Kiarabu, na ہ, U+06C1, kwa Kiurdu. Ukichanganya, neno litaonekana sawa au karibu sawa, lakini anayelitafuta hatalipata, na baadhi ya herufi hazitaungana inavyopasa. Kama simu yako inaonyesha Kiurdu kwa naskhi, tafuta programu ya kusomea inayokuruhusu kuchagua herufi za Noto Nastaliq Urdu, ambazo hutolewa bure.

Kwa mtu aliyekwisha kuzijua herufi za Kiarabu, wiki chache za miungano, kila siku kidogo, hutosha kumwezesha kusoma vibao na vichwa vya habari. Habari yenyewe ya gazeti huchukua miezi, na kinachochelewesha wakati huo huwa ni msamiati. Nunua gazeti moja, chagua habari fupi ambayo umekwisha kuisikia kwa wenzako au redioni, uinakili kwa mkono pamoja na nukta zake zote, kisha umsomee kwa sauti mmoja wa wale unaofanya nao kazi, naye akusahihishe irabu ulizokisia vibaya.