Mistari mizito au kiitikio chepesi?

Mdogo wangu, nimekuelewa: unachana mistari yenye uzito, prodyuza anakwambia siku hizi watu wanataka kiitikio tu, na rapa wa rika lako wanarudia neno moja kwenye biti ya amapiano na shoo wanapata.

Msikilize prodyuza, ila kalamu usimwachie. "Ndio Mzee" ya Professor Jay (2001) ina kiitikio ambacho hata mtoto aliitikia, na beti zake ni mwanasiasa anayemwaga ahadi zisizotekelezeka. Vyote viwili vilikaa wimbo mmoja.

Chukua ubeti wako, usome bila biti. Mistari iliyowekwa kwa ajili ya vina tu itajitaja yenyewe: naja, daraja, faraja, halafu habari hakuna. Futa. Andika unachokiona, mfano konda wa Mbagala anavyozungusha chenji ya abiria mpaka kituo kipite. Na hiyo mada ya "marapa wa sasa hawajui kuandika" achana nayo, imeshachosha.

Ukiletewa mkataba wa lebo, usisaini kabla wakili hajausoma, hasa kipengele cha umiliki wa kazi. Nyimbo zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, mapema.