Barua kwa mwanangu: Liemba ni ile ile?

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili jana, unasema hii ni wiki ya nne kwenye kozi ya falsafa na unafikiria kuhama, mwalimu kawapa swali la meli ya Theseus, yule shujaa wa hadithi za Wagiriki, mmebishana kipindi kizima halafu kachukua begi lake kaondoka bila kutoa jibu. Unaniuliza, baba sasa hapo nimesoma nini?

Usihame mama. Naomba usihame.

Plutarch, mwandishi wa kale wa Ugiriki, ameandika kwamba Waathene waliitunza ile meli, ubao ukioza wanatoa wanaweka mpya, hadi wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni ile ile. Sa wewe hiyo unaiona ya Ugiriki huko mbali, na umezaliwa Kigoma! Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, umeijua tangu uko mgongoni. Wajerumani waliiunda kwao 1913, ikafunguliwa ikaletwa vipande vipande ikaungwa tena hapa hapa Kigoma, ikaingia ziwani 1915 ikiitwa Graf von Götzen. 1916 wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate. Ikalala majini hadi ilipoibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini ndo ikiitwa Liemba, miaka ya sabini injini za mvuke zikatolewa zikawekwa za dizeli. Jina si lile, injini si zile, wenye meli si wale. Haya, iliyombeba bibi yako kwenda Kasanga ni ile ya 1915 au nyingine?

Ukisema ni ile ile kwa sababu bodi ni lile, basi akija Hobbes, yule mwanafalsafa Mwingereza, anakubana, yeye aliuliza je mtu akiziokota zile mbao kuukuu zote akaziunga zikawa meli, ya Theseus ni ipi? Ukikimbilia kusema ni ile iliyoendelea kusafiri, Liemba ilikaa miaka chini ya maji haisafiri popote. Unaona? Hapo kila jibu unalolishika linakudai ueleze kwanini, na huko kueleza ndo kusoma kwenyewe, mwalimu wako hajawanyima kitu.

Mimi nilichelewa kuelewa hili. Mwaka wa kwanza chuo nilikariri, asaimenti ya kwanza nikajaza kurasa nane kwa mwandiko mzuri kabisa, ikarudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Haya ni ya kitabu. Wewe unasemaje?" Iliniuma sana, nilikaa kwenye ngazi za maktaba nimeishika ile karatasi hadi giza likaingia. Toka siku ile nikawa nasoma ukurasa mmoja tu, mara tatu, natafuta huyu mtu anadai nini na anadai kwa sababu gani, kisha naandika pembeni pale ninapomkatalia. Fanya hivyo, na ukienda semina nenda na pingamizi lako moja limeandikwa, hata kama sauti itatetemeka wewe sema.

Jioni nilimuuliza mama yako hilo la Liemba, alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Akasema ni ile ile maana watu wa mwambao wote wanaikumbuka kuwa ndo ile. Nikamwambia je watu wote wakisahau? Akaacha mkono kwenye dagaa, kimya, kisha akasema ngoja kwanza nifikirie. Mpaka saa hizi naandika hajanijibu, na mimi sina jibu la kumpa. Nitumie lako.

Baba yako, Ujiji