Redio ya lampu iliyokaa darini: kabla ya kuichomeka

Swali: Jambo fundi. Niko Kadutu, hapa Bukavu. Babu alituachia redio ya lampu, imekaa darini miaka mingi. Kwenye lampu zake nimesoma UCH81, UL84 na UY85. Jirani anasema niiwashe kupitia stabilaiza, nipandishe volti polepole, itaamka yenyewe. Nijaribu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, usijaribu hivyo. Lakini umefanya vizuri sana kusoma maandishi ya lampu, maana herufi U inatueleza mengi. Nyuzi za lampu za U zimeunganishwa kwa mfuatano, miliampea 100 zikipita kutoka lampu moja hadi nyingine. Kwa kawaida redio hizi hazina transfoma ya kuzitenga na umeme wa nyumba: waya mmoja wa prizi unafika moja kwa moja kwenye shasi, yaani fremu ya chuma inayobeba lampu. Na fishi ya miguu miwili inaingia upande wowote. Shasi inaweza kuwa na volti 220 hata swichi ikiwa imezimwa.

Tazama vitufe vya mbele. Mara nyingi tundu la skrubu ya kitufe limezibwa kwa nta; kiwanda kiliweka nta hiyo ili kidole kisifikie chuma chenye umeme. Kitufe kikipotea ukabaki mhimili mtupu, usiushike.

Stabilaiza haikulindi na hatari hii. Nyingi zina koili moja inayotumika kuingiza na kutoa umeme; zinasawazisha volti tu, hazitengi kitu. Unachohitaji ni transfoma ya kutenga, 220 kuingia na 220 kutoka, yenye koili mbili zisizounganika, ya VA 100 hivi. Fundi anayesuka mota anaweza kukusukia. Bila hiyo, mimi nisingefungua redio ya U ikiwa imechomekwa, na wewe usifungue.

Kuhusu kuamka yenyewe: kapasita za zamani, vile vipande vinavyohifadhi umeme, mara nyingi haziamki. Zile kubwa za kuchuja umeme zimekauka ndani, na zile za karatasi zimenyonya unyevu, nasi tunaishi kando ya ziwa. Ya kuogopa zaidi ni ile ndogo inayopeleka sauti kutoka lampu inayotangulia hadi gridi (waya wa ndani unaotawala mkondo) ya UL84, lampu inayoendesha spika. Ikivuja, gridi inapata volti chanya, UL84 inavuta mkondo kupita kiasi, inachemka, na inaweza kuondoka pamoja na transfoma ya spika. Redio inaweza kuimba vizuri huku ikijiua. Kwa hiyo badilisha hiyo kabla ya umeme wowote, weka ya plastiki yenye thamani ileile, volti 400 au 630. Badilisha na zile za kuchuja, lakini usiongeze ukubwa ukidhani ni bora: kapasita kubwa mno inaumiza UY85, lampu inayogeuza umeme wa nyumba kuwa wa upande mmoja. Zile zinazotenga shasi na tundu la antena ziwe zenye alama Y2, yaani kapasita za usalama. Zikivuja, waya wa antena juu ya bati unabeba umeme.

Fishi ikiwa nje na swichi ya redio ikiwa kwenye nafasi ya kuwasha, pima ohmu kwa mita kati ya miguu yake. Isiposoma chochote, pengine uzi mmoja wa lampu umekatika, na kwa kuwa zimefuatana, zote zitalala. Ikisoma karibu na sifuri, kuna shoti.

Ndipo uwashe, kupitia transfoma ya kutenga na balbu ya uzi ya wati 60 iliyofuatana na redio. Ya LED haifai. Balbu itang'aa kidogo, kisha itafifia nyuzi zinapopata moto. Ikibaki inang'aa kwa nguvu zote, chomoa mara moja. Ikififia, pima gridi ya UL84, mguu wa 2, dhidi ya minasi ya kapasita ya kuchuja: sifuri au chini yake ni sawa, chanya si sawa. Tumia mkono mmoja, mwingine nyuma. Ukizima, toa umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa kwa rezista ya kiloohmu chache, kisha pima tena kabla ya kugusa.

Umeme ukikatika mtaani, chomoa. Ukirudi huwa unakuja na volti za ajabu. Na zile skrubu ndogo juu ya koili usizizungushe hata kidogo mpaka kapasita zote zibadilishwe, la sivyo utapoteza mpangilio wa stesheni, na kuurudisha kunahitaji jenereta ya mawimbi.